Kaburi la Mgawa Maji

"Kaburi limejaa maji!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliolala na maneno hayo siku zote saba. Sogeeni basi, tusiwaweke roho juu zaidi.

Aliyeyasema alikuwa mmoja wa wachimba kaburi. Suruali ilimlowa mpaka mapajani, koleo mkononi. Alisimama mlangoni mwa nyumba ya marehemu Mzee Eliud, pale Kikwe, mbele ya wanawake waliokaa mkekani, na kwa kihoro alisahau hata kuvua kofia.

Elinipa, mjane wa marehemu, aliinua uso.

Tangu Jumanne, alipoletewa habari kwamba mumewe ameanguka mferejini na jembe mkononi, hakuwa ametoa chozi hata moja. Watu walimtazama kwa wasiwasi. Mjane anayegaragara utamshika mkono. Asiyelia utamshika wapi?

"Maji kiasi gani?" aliuliza.

"Mama, ukisimama ndani yanakufika kiunoni. Na bado yanaingia."

"Uwii!" Marta, dada wa marehemu, alijipiga kifuani. "Kaka yangu jamani! Aliwanywesha watu wote maji, leo wanamzamisha!"

Kilio kikalipuka nyumba nzima.

Na kwa nini wasilie? Kwa miaka ishirini na nane Mzee Eliud ndiye aliyewagawia maji ya mfereji. Kila alfajiri alipita na jembe begani, akifungua mlango wa huyu, akiziba wa yule kwa udongo na magome ya migomba. Hakuwa na kitabu. Zamu zote zilikaa kichwani mwake, na watu walikuwa wakitania kwamba hata mbuzi wa Kikwe wanaijua siku ya mwenye mbuzi. Palipokuwa na ugomvi wa maji, aliketi katikati ya wagomvi akaomba chai. Chai ikiisha, ugomvi nao umekwisha.

Na aliacha neno moja tu. "Nikifa nizikeni pale mfereji unapoishia. Mgawa maji hupimwa na mtu wa mwisho. Nataka nilale nikisikia kama yamefika."

Sasa maji yalikuwa yamefika. Yalifika yakapitiliza.

"Ni Lekishon!"

Huyo alikuwa Bariki, mtoto wa kwanza wa marehemu, fundi wa magari kule Lemara. Alikuwa amesimama uani, macho mekundu kwa kukesha.

"Mwezi wa saba alishikana mashati na baba palepale mferejini, watu wote waliona. Akaadhibiwa na kamati ya mfereji, akanyimwa zamu wiki mbili. Leo amelipiza. Amebomoa kingo huko juu, amwage maji kwenye kaburi la mtu aliyemshinda akiwa hai!"

"Bariki," mama yake alimwita.

"Mama, kaa. Hili ni la wanaume."

Akachukua fimbo. Vijana wanne wakamfuata. Vumbi lao likabaki njiani.

Joel, mdogo wa marehemu, akaingia akiinama. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa, ile historia ya marehemu ambayo angeisoma kaburini.

"Shemeji, ni saa tatu hii. Jeneza linatoka mochwari saa sita, saa saba liko hapa, saa nane mchungaji anaanza ibada. Tuchimbe jingine hapa nyuma ya nyumba, pakavu."

"Alisema pale, shemeji."

"Alisema akiwa hajui. Utamlaza kaka kwenye kisima?"

 Elinipa alijifunga kanga yake vizuri, akasimama.

Wanawake wakashika midomo.

"Wewe wifi, unakwenda wapi?" Marta alimdaka ukosi. "Mjane hatoki! Mjane anakaa analiliwa! Watu watasema nini?"

"Waseme nimekwenda kumwona mume wangu anapolala."

"Basi ninyi wote msije mkasema sikumkataza! Nimemkataza, hasikii! Aa, nipisheni na mimi nipite, siwezi kumwacha peke yake."

Wakaenda wawili, mmoja kimya, mwingine akinung'unika mpaka mwisho wa migomba.

Elinipa alipiga magoti ukingoni mwa kaburi. Akazamisha mkono, akateka maji kwa kiganja, akayatazama kwenye jua.

"Wifi."

"Nini tena?"

"Haya maji ni meupe."

"Sasa ulitaka yawe ya bluu?"

"Mfereji ukibomolewa huleta maji mekundu. Tope la kingo linakuja nayo. Baba Bariki alikuwa akinionyesha. Maji meupe yameletwa taratibu, yamepita njia yake mwenyewe." Aliinuka haraka. "Hakuna aliyebomoa kitu. Mwanangu amekwenda kumpiga mtu bure!"

Na huko Bariki alikokwenda, hakuna aliyekuwa na simu mkononi.

Elinipa akashika njia ya kupanda. Miaka sitini na sita, magoti yanalia, lakini alitembea. Alitaka kujua maji yametoka kwa nani. Asipojua, mambo mawili yangetokea siku hiyo kabla ya saa nane: mumewe angezikwa mahali asipopataka, na mwanawe angekuwa na damu ya mtu mikononi.

Njia haigusi milango ya chini kabisa, hivyo wa kwanza aliokutana nao ulikuwa mlango wa Susana. Susana ni mjane wa miaka mingi, mwenye maharage yake kando ya mfereji. Jumamosi ilikuwa siku yake. Yeye na wenzake sita, watu saba, hunywesha siku hiyo kwa pamoja, kila mmoja akichukua fungu lake mpaka alama ya jiwe.

Mlango wake ulikuwa umezibwa. Udongo umeshindiliwa, magome ya mgomba yamepangwa vizuri. Maharage yalikuwa yamelegea kama mgonjwa.

Susana mwenyewe alitokea na mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda msibani. Alipomwona mjane barabarani, nusura auangushe.

"Mama Bariki! Wewe hapa?"

"Susana, leo si zamu yako?"

"Ni yangu."

"Mbona umeziba?"

Susana akatazama chini. Akasogeza vidole vya mguu kwenye vumbi kama msichana.

"Usinisemeshe, dada. Mzee hakutaka tuseme."

"Mzee amekufa. Niambie."

"Unajua alivyokuwa. Pakiwa na msiba, anakuja kwa mmoja wetu kimyakimya. 'Susana, kesho niachie zamu yako, wapishi wapate maji.' Na ukitoa, usimwambie mtu. Alikuwa anasema zamu iliyotangazwa imeshalipwa. Sasa nikawaza, msiba huu ni wake. Nani atakuja kuniomba? Nikaamka alfajiri nikaziba mwenyewe. Nimemwachia Mzee zamu yangu."

Elinipa aligeukia mlango uliozibwa.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Nani mwingine angekumbuka?"

 Elinipa alimwacha Susana na mkungu wake, akapanda hatua mia mbili mpaka mlango wa pili. Umezibwa. Akapanda tena. Wa tatu, umezibwa, na juu ya udongo mtu ameweka jani bichi la isale, lile la amani. Na iliyofuata juu yake, kadiri macho yalivyofika, nayo imezibwa.

Marta, aliyekuwa anahema nyuma, akasimama kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Wifi... wote?"

"Wote," alisema Elinipa. "Kila mtu ametoa, na kila mtu amedhani ni yeye peke yake. Aliyekuwa anajua nani ametoa na nani bado, ndiye tunayemzika."

Wakatazamana. Marta akaanza kucheka, kicheko kikageuka, akakaa chini kwenye kingo na kulia kwa sauti. "Kaka yangu we! Umewafundisha vibaya kaka yangu!"

Lakini hapakuwa na muda wa kukaa. Kutoka chini, uani kwa marehemu, ulipanda ukelele wa wanaume.

Bariki alikuwa amerudi.

Elinipa alipofika, Lekishon alikuwa amesimama katikati ya watu. Mzee mrefu wa Kiarusha, umri sawa na marehemu, shuka yake imechanika begani. Hakuwa amefungwa. Alikuja kwa miguu yake, na hilo ndilo lililowakasirisha vijana zaidi.

"Sema mbele ya watu!" Bariki alifoka. "Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Lekishon.

Bariki aliwageukia watu.

"Mmesikia? Mmemsikia?"

"Ni mimi niliyejaza kaburi," Lekishon aliendelea, sauti yake chini. "Mlango wangu ndio wa juu kabisa. Alfajiri niliuziba, nikaacha maji yote yashuke. Sikujua yangekuwa mengi hivi. Nilitaka kumheshimu, nimemharibia. Nipigeni. Haki yenu."

Bariki akainua fimbo. 

"Ukimpiga huyo, mwanangu, anza na mimi."

Watu wakapisha. Mjane alikuwa anaingia kwa miguu, matope mpaka magotini.

"Mama, amekiri mwenyewe!"

"Amekiri la kwake. Susana! Uko wapi Susana?"

Susana alikuwa anatua mkungu. Akasogea mbele, uso unamwaka kwa aibu. "Hata mimi niliziba."

"Wa tatu ni mlango wa Lerionka," alisema Elinipa.

"Hata mimi, mama," sauti ikatoka nyuma ya turubai. "Niliweka na isale."

"Baba Hope?"

"Hata mimi. Nilitoka saa kumi, nikifikiri hakuna aliyeniona."

Hata mimi. Hata mimi. Ilizunguka uwanja mzima. Wazee watu wazima, wanaojuana tangu ubatizo, wakawa wanachunguliana kama watoto walioiba sukari katika chungu kimoja. Mmoja akaguna. Mwingine akacheka puani. Kisha machozi yakawatoka, maana kila mmoja alijua kitu kimoja: Mzee Eliud angekuwepo, asingeruhusu. Angekuja kwa kila mmoja. "Wewe fungua, wewe subiri." Nusu saa, yamekwisha.

"Na wewe shemeji?" Elinipa alimgeukia Joel, ambaye mlango wake ndio wa mwisho.

Joel alikunja karatasi yake mara ya nne. "Hata mimi," alisema, haraka kidogo.

Fimbo ya Bariki ilianguka yenyewe. Akataka kumshika Lekishon mkono, akashindwa pa kuanzia. Lekishon akamshika yeye.

"Wewe ni mtoto unayemlilia baba," alisema. "Ungekuwa mtulivu leo ningekuogopa."

Sasa saa nne ilikuwa imepita. Watu wakasimama wanangoja, na walichokuwa wanangoja hakuna aliyekijua. Walizoea kungoja mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mochwari.

Basi Elinipa akasema. Hakupaza sauti. Aliyataja yale aliyoyasikia kitandani kila alfajiri kwa miaka ishirini na nane, mumewe akivaa viatu huku akijikumbusha zamu.

"Lekishon, fungua wa kwanza, maana wewe uko juu, mpaka kwenye jiwe, usizidishe. Jirani yako wa chini akufuate, kisha Lerionka. Kisha wewe baba Hope. Susana, wako ufungue nusu kwanza, maharage yako yakishituliwa na maji mengi yatakufa. Joel, wewe wa mwisho. Nyie vijana, chukueni ndoo za wapishi mkakumbe maji kaburini. Marta, nataka majani makavu ya migomba, mengi, tutandike chini."

"Nani atapika sasa?" aliuliza Marta.

"Wewe umewahi kumwona mtu wa Kikwe amekufa njaa msibani?"

Wakatawanyika mbio.

Ndoo zikapita mkono kwa mkono. Bariki mwenyewe aliingia kaburini, akawa anateka na kurusha, anateka na kurusha, analia bila kujificha. Saa tano maji yalikuwa magotini. Saa tano na nusu, kwenye vifundo vya miguu.

Na hapo yakagoma.

"Mama!" Bariki aliita toka chini. "Kila nikitoa, yanarudi. Si mengi, lakini hayakomi."

Elinipa aliutazama mfereji. Kweli. Kijito chembamba, upana wa shubiri, kilikuwa bado kinakuja, kinameremeta, kinaingia kaburini kama mwenye haki yake.

Milango ikahesabiwa upya. Lekishon, yuko kwenye jiwe. Lerionka, kwenye jiwe. Wote sita, kila mmoja aliapa, na wenzake walikwenda kukagua. Hata wa Joel walikwenda kuutazama, na ulikuwa kwenye alama yake barabara.

"Sita," alisema Susana. "Jumamosi si tuko saba?"

Wakahesabu tena kwa vidole.

Wa saba alikuwa marehemu mwenyewe.

Mlango wa maji wa nyumba ya Eliud uko kichakani, juu ya shamba lao la mahindi. Elinipa hakuwa amefika pale miaka mingi. "Usijisumbue, mama," mumewe alikuwa akimwambia. "Mimi ndiye wa maji." Na Elinipa akikaa anapalilia mahindi yaliyokauka, akimlaumu wakati wa chakula cha usiku: unawagawia wote, sisi je? Naye akijibu jibu lilelile, maji ni machache. Wakanunua unga mwaka hadi mwaka.

Alichukua jembe la marehemu. Safari hii hata Marta hakumzuia. Alipanda peke yake, akasukuma matawi, akainama.

Mlango ulikuwa umezibwa.

Si kwa udongo wa juzijuzi. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake, na mizizi ya nyasi imeshikana na mizizi. Kichaka kilikuwa kimetoa shina nene kama mkono palepale ambapo maji yangepita. Mlango huo haukuwa umefunguliwa kwa miaka.

Elinipa alisimama akiwa ameshika mpini.

"Kumi na moja," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Lekishon. Alisimama mbali kidogo kwa heshima, shuka yake iliyochanika mkononi.

"Miaka kumi na moja, Mama Bariki. Mwezi wa saba nilikuwa nafuata ndama, nikauona mlango huu. Nikamwuliza, Eliud, mbona unamnyima mke wako maji? Akaniambia niondoke. Nikashika jembe nifungue mwenyewe. Ndipo tukashikana."

"Kamati iliambiwa ng'ombe wako walikanyaga kingo."

"Eliud ndiye aliyewaambia."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Alinitazama mbele ya kamati kwa macho ya mtu anayezama. Nikaona, wiki mbili bila maji sitakufa. Yeye angekufa." Lekishon aliigeuza shuka mkononi. "Jumapili alikuja kwangu baada ya ibada. Akasema, nisamehe, ni miaka kumi na moja sasa, nitalisema mbele ya watu. Jumanne ikamchukua."

Elinipa alitazama mfereji unavyoteremka. Maji hayapotei. Yakipita mlango wako yanakwenda kwa aliye chini yako, na chini ya shamba lao yupo mtu mmoja tu. Miaka kumi na moja mahindi ya Joel yalikuwa marefu kuliko ya wote. Watu walisema ni mbegu.

"Kwa nini?" aliuliza. "Alimfanyia nini mdogo wake mpaka amlipe kwa maji yangu?"

"Hilo hakuniambia. Alisema ameapa. Lakini nakuomba, leo usiseme kitu. Leo azikwe. Jina langu limekaa na vumbi tangu mwezi wa saba, siku moja zaidi halitaliua."

Mbali barabarani ikasikika honi ya gari, kisha matarumbeta ya usharika. Jeneza limefika Kikwe mapema.

Elinipa akainua jembe.

Alikata nyasi. Alikata shina. Alichimba kwa hasira ya miaka kumi na moja na kwa mapenzi ya miaka arobaini na tatu, hakujua lipi linainua na lipi linashusha. Lekishon aliweka mkono kumsaidia, Elinipa akamwondoa kwa kiwiko. Udongo ukaachia. Maji yakasita, yakageuka, yakaingia shambani mwake kwa sauti ndogo, na ardhi kavu ikaanza kunywa.

Ndipo akalia.

Alilia amepiga magoti mferejini, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi. "Baba Bariki! Ungeniambia! Ningekuambia toa, mume wangu, ningekuambia toa! Kwa nini ulinificha?"

Marta alipomkuta alimfuta uso kwa ncha ya kanga.

Njiani kurudi Elinipa alikata shauri. Hatasema. Mumewe alifundisha watu kutoa bila kutangaza, basi naye atatoa hili kimya, la mwisho. Bariki asijue. Eliud ashuke na jina lake safi.

Saa nane kaburi lilikuwa kavu. Majani ya migomba yalitandikwa vizuri mpaka pembeni. Mchungaji aliongoza wimbo, wazee wa kanisa wakasimama na kamba tayari, na watu walijaa mpaka mashambani. Wenye milango sita walisimama mbele pamoja, Lekishon kati yao, na shuka yake Susana alikuwa ameishona kwa uzi mweusi.

"Sasa tutasikia historia ya marehemu," alisema mchungaji.

Joel alifungua karatasi.

Alisoma kuzaliwa. Alisoma ubatizo, shule, ndoa. Alisoma watoto watano na wajukuu kumi na wawili. Sauti yake ilikuwa nzuri, watu walitikisa vichwa.

"Kwa miaka ishirini na nane," alisoma, "kaka yangu aligawa maji kwa haki. Hakumpendelea mtu yeyote. Hakuna aliye..."

Aliinua macho apumue, na macho yakaenda mbali, juu ya vichwa vya watu, mpaka shamba la mahindi la kaka yake.

Shamba lilikuwa linang'aa. Maji yalikuwa yamesimama kati ya mistari, jua linacheza juu yake.

Karatasi ikashuka.

Joel alimtafuta Elinipa kwa macho. Aliona matope kwenye vifundo vya mikono yake. Elinipa alitikisa kichwa polepole, kumwambia hapana.

"Soma, shemeji," alisema mjane kwa sauti ya chini. "Soma kama ulivyoandika. Tumzike mtu wetu."

"Endelea, mzee Joel," mchungaji alihimiza.

  Mbele ya umati wote, Joel aliikunja karatasi, akapiga hatua mpaka kwenye jeneza la kaka yake, akaweka mkono juu yake.

"Wekeni kamba chini," aliwaambia wazee wa kanisa. "Asishuke bado."

"Joel!" Elinipa aliita. "Nakuomba!"

"Hakugawa kwa haki," alisema Joel, na sauti yake nzuri ilikuwa imevunjika vipande. "Kuna mtu mmoja alimpa maji yasiyokuwa yake miaka kumi na moja, na akamsingizia mtu mwema ili lisijulikane. Mtu huyo ni mimi. Na ninyi nyote mnataka kujua alikuwa ananiogopa kwa lipi."

Bariki alikuwa ameshaanza kumsogelea baba yake mdogo, aliyemlea pamoja na baba yake.

Joel hakurudi nyuma. Alimtazama kijana huyo moja kwa moja.

"Hakuniogopa kwa ajili yake, Bariki," alisema. "Aliniogopa kwa ajili yako."

Tuachane hapo leo; kilichobaki tutakisikia wiki ijayo.